Kageha, Kitabu Chako Nilikikata Mikono na Kola

Mpendwa binti yangu Kageha, uliyebeba jina la mama yangu,

Nakusalimu. Kama huna nafasi ya kuzipokea salamu zangu sasa, ziweke kando ya meza, umalize kusoma kwanza, kisha uamue mwenyewe.

Barua hii ni ya mkono wangu. Usitafute mwandiko wa mtu mwingine humu, hutaupata. Kuna mama mmoja hujamjua, Mama Wambui, anauza chai kando ya cherehani yangu hapa Umoja. Huyo alitaka kuniandikia nikakataa. Nikamwambia mimi nilifika darasa la pili, na darasa la pili la siku zile lilikuwa na fimbo nyingi kuliko chuo kikuu cha siku hizi. Akacheka mpaka maziwa yakafurika jikoni. Wacha acheke. Herufi zangu ni kubwa na zimeegemeana kama watu wanaotoka harusini, lakini zinasomeka. Leo ni siku ya tatu niko na barua hii. Mikono iliyoshona suti za mabwana harusi kutoka Makadara mpaka Dandora, bila hata mmoja kurudi kusema inabana, leo inatoka jasho kwa sababu ya kalamu.

Barua yako niliipata wiki tatu zilizopita. Uliandika kwamba u mzima huko Wundanyi, kwamba watoto wa shule wanakusikiliza, kwamba milima ya Taita ina ukungu kama ya kwetu Maragoli. Kisha ukaandika jambo ulilotaka. Kuna mhariri hapa mjini amekubali kusoma kitabu chako. Mwalimu mwenzako, Mwalimu Mghoi, atakuja Nairobi na atapita Umoja Jumamosi ya mwisho wa mwezi kuchukua zile karatasi za kaki zilizo kwenye sanduku la bati, chini ya kitanda. "Tafadhali baba," ukaandika, "ni nakala hiyo moja tu niliyo nayo duniani."

Nimeyasoma maneno hayo mpaka barua yako imelainika kama fulana ya zamani.

Leo ni Alhamisi. Jumamosi ni keshokutwa. Na lile sanduku ni tupu, mama.

Kwanza nilifikiri nikuambie panya. Halafu nikafikiri nikuambie paa lilivuja, kwa maana paa hili linavuja kweli, hata wewe unajua, tuliweka sufuria mbili sebuleni mwaka ule tulipohamia. Halafu nikafikiri wezi, lakini mwizi gani anavunja nyumba na kubeba karatasi, anaacha redio? Mtu anayeweza kushona mfuko ukaonekana ni mfuko na ukawa hauna tundu hawezi kushindwa kushona uongo mmoja. Nilikuwa nimeshauchagua ule wa paa. Nilikuwa tayari.

Sitasema paa. Ni mimi. Niliziweka juu ya meza, nikachukua mkasi, nikazikata pateni.

Najua umesimama. Kaa chini, nisikilize, kwa maana sitaweza kuandika hili mara ya pili.

Wewe unajua pateni ni nini, lakini barua hii huenda ikasomwa na watu wasiojua. Ni ile karatasi fundi anakata kwa umbo la nguo kabla hajagusa kitambaa. Mkono wa shati ni karatasi yake, kola yake, mgongo wake. Ukishaikata unaitoboa tundu, unaitundika kwenye msumari kwa jina la mteja, na akirudi mwaka kesho humpimi tena. Ukuta wangu una misumari mingi. Watu wa Umoja karibu wote wako ukutani kwangu.

Na karatasi ya kaki ilikuwa yangu, hilo nalo niliseme. Wewe ndiye uliyeniomba. Ulikuwa umemaliza kidato cha nne, unazunguka mjini kutafuta kazi, unarudi jioni na viatu vimelika upande, na badala ya kulala unaandika. Daftari ziliisha. Ukasimama mbele ya meza yangu ukasema, "Baba, nikatie futi mbili tu za hilo bunda." Nikakukatia tatu. Kesho yake ukaomba tena. Sikuuliza unaandika nini. Nilijivunia tu kwamba nilikata nyoofu bila rula. Uliandika upande mmoja, kwa mistari midogo iliyosimama wima kama askari, na upande wa pili ukaacha mweupe kabisa. Mweupe wa kaki, sijui niseme vipi. Ule upande mtupu ndio ulioniponza, au ndio ulionipa kisingizio.

Nakukumbuka Muthurwa, kwenye zile nyumba za reli, chumba chetu kimoja. Ulikuwa unalala chini ya meza ya kukatia, na vipande vya nguo vinakuangukia hadi unafunikwa. Ulikuwa na miaka minne, ukachukua chaki yangu ukaandika jina lako lote kwenye mgongo wa koti la karani mmoja mkali sana, koti la sufu, ambalo alikuwa analijia saa kumi. Mama yako akashika kichwa. Mimi sikulifuta. Niliweka bitana juu yake nikashona. Yule karani akalivaa koti lile miaka na miaka akienda ofisini na jina KAGEHA mgongoni kwake, na hakujua. Kila akipita nilikuwa nakukonyeza. Hakuna siku nimefurahia ufundi wangu kuliko siku ile, na sijawahi kukuambia.

Sasa nije kwenye ile Jumapili.

Tulikuwa tumetoka kanisani. Mama yako alikuwa ameshakwenda nyumbani shambani, tulikuwa wawili tu. Ukasema, "Baba, nikusomee." Nikavua viatu, nikakaa. Ukaanza kusoma habari za Simeoni, yule mtu wa karakana ambaye kazi yake ilikuwa kugonga kipande cha reli kilichoning'inizwa kwenye mti, ili wafanyakazi wajue saa. Miaka thelathini anagonga. Siku moja wakaleta king'ora cha umeme. Simeoni akabaki na nyundo mkononi, hajui aiweke wapi. Akatoka na nyundo yake, akawa anazunguka nchi akiuliza kila anayemkuta, "Wewe unaishi kwa nini?"

Nilikukatiza hapo hapo. "Huyo Simeoni hana kazi?"

"Kazi yake imechukuliwa, baba. Ndiyo maana anatafuta."

"Basi atafute kazi. Anatafuta maana! Maana inaliwa na nini, na sukuma wiki?"

Ukacheka. Ulicheka vizuri, hukuwa na hasira. Ukaendelea. Simeoni akakutana na mwanamke wa makaa, akamuuliza swali lake, mwanamke akamjibu, "Niulize nikishauza." Hapo hata mimi nilicheka, nikajipiga paja. Nikasema huyo mwanamke ana akili kuliko mwandishi. Ukacheka tena. Tungeishia hapo, mama, tungekula ugali wetu na kila mtu akaenda kulala.

Lakini ukafungua karatasi nyingine. Simeoni akaingia kwa fundi cherehani. Fundi ana kovu kwenye kidole gumba. Fundi anaimba wimbo wa kanisa kwa pua anapotia uzi kwenye sindano. Fundi anajisifu kwamba anaweza kumpima mtu kwa macho akiwa ng'ambo ya barabara. Nikaacha kucheka. Simeoni akamtazama akamuuliza, "Fundi, hiyo cherehani ikiondolewa hapo mbele yako, ni nini kitabaki kimeketi?"

Nilisimama. Unakumbuka nilivyosimama, kiti kilianguka. Nikakuambia, "Nimekusomesha kwa cherehani hii, mshono kwa mshono, ili uje uniandike kwamba mimi ni kiti kitupu?"

"Baba, ngoja ajibu. Hujasikia alichojibu."

"Sitaki kusikia! Katika nyumba yangu hakuna fundi wa kuulizwa na mwendawazimu mwenye nyundo!"

Ukanitazama. Ukakunja ile karatasi mara mbili, polepole, ukairudisha kwenye sanduku. Baada ya hapo uliongea nami habari za chumvi na maji tu. Wiki tatu baadaye ukapata ile kazi ya kufundisha Wundanyi, ukafunga begi moja. Mlangoni ukasema, "Baba, zile karatasi haziingii kwenye begi. Nakuachia wewe." Mimi nilikuwa natia mafuta kwenye cherehani. Ilikuwa haihitaji mafuta.

Ulipoondoka ukawa msimu wa sare za shule. Wewe unaujua msimu wa sare, kina mama wanapanga mstari mpaka barabarani. Karatasi ikaniishia. Nikafungua sanduku, nikageuza upande usioandikwa, nikapiga chaki. Nikakata mikono, kola, viuno, migongo ya joho la kwaya nzima. Mwaka ukaisha hivyo. Hivyo ndivyo ilivyokuwa.

Barua yako ilipofika nilishusha pateni zote kutoka kwenye misumari, nikazilaza sakafuni, upande wa maandishi juu. Sikuweza kujua kipi kinaanza na kipi kinafuata. Nilijikaza wiki nzima, nasoma kama mtu anayevuka mto kwa mawe, jiwe moja, jiwe jingine, naanguka. Mwisho nikamwita Mama Wambui. Akaingia na kikombe mkononi, akatazama sakafu, akauliza, "Haki fundi, hii ni nini, umeua mtu ya karatasi?"

"Ni kitabu cha binti yangu. Nisomee."

Akainama akaokota mkono wa shati la mwalimu mmoja wa huku, shati kubwa, mtu ana mabega. Akasoma. Akasoma tena kimya. Kisha akaokota kola, akageuza huku na huku kwa sababu maneno yanapinda na kola. "Hii kola inasema mtu anaweza kuamsha mji mzima na yeye bado amelala. Hiyo ni kweli, fundi. Mimi bwana yangu alikuwa hivyo."

"Soma, usinihadithie bwana yako."

"Na hapa imekatika. Hapa kwa kwapa. Ile kipande ya kwapa iko wapi?"

Akanitazama, halafu nikaona uso wake umebadilika, kwa sababu alikuwa ameshaelewa kabla yangu. Mabaki yote, yale makombo yanayobaki ukishakata umbo, nilikuwa nampa yeye awashie jiko. Kila asubuhi gunia dogo. Alikuwa ananiombea baraka kwa ajili ya hayo makombo.

"Ai, fundi," akasema. "Kumbe mimi nimechemsha chai na akili ya huyu mtoto mwaka mzima. Na wewe ulikunywa."

Akaketi sakafuni. Tangu hapo alikuja kila alasiri wateja wake wakipungua, na hakuniomba chochote, ila matusi alinitukana ya kutosha. Tulipanga. Yeye anasoma mwisho wa kipande, mimi natafuta kipande kinachoingiana, kwa maana macho yangu kwa kuunganisha hayajapata mshindani Nairobi hii, na hilo hata yeye alikubali. Maneno nilikuwa siyajui yote, lakini nilijua mkato wa mkasi wangu. Nilijua kipi kilikatwa na kipi kwa siku moja.

Migongo ya joho haikuwepo. Hiyo nilikuwa nimemwazima Fundi Otieno kule Muthurwa, tuliyekuwa tunashona naye ukuta kwa ukuta, yule aliyekuwa anakuita Karani kwa sababu ya chaki yako. Nikaenda. Unajua mimi na Otieno tulivyoachana, kila mmoja akidai ndiye aliyemfundisha mwenzake kutia zipu. Aliponiona akaacha kukanyaga cherehani.

"Luvai! Leo umekumbuka maskini? Ama Umoja kumeisha watu wa kuwaharibia suruali?"

"Nimekuja kuchukua pateni yangu ya joho."

"Joho chukua. Mgongo huo mmoja niachie." Akaonyesha ukutani. Alikuwa ameutundika maandishi yakiwa nje, kama kalenda. "Huo nasoma. Asubuhi kabla sijaanza kazi nasoma huo. Sikia hii." Akasoma kwa kichwa bila kutazama: Simeoni yuko ndani ya kanisa ambalo halijaezekwa, anasema miaka yote nimegonga reli ili wengine waamke, na mimi mwenyewe ni nani aliwahi kuniamsha. "Nani ameandika hii maneno?"

"Binti yangu."

"Karani?"

"Karani. Unafikiri akili aliitoa wapi?"

Nilivimba, Kageha. Sikufichi. Kwa muda ule mfupi nilikuwa mkubwa kuliko jengo. Otieno akatikisa kichwa, akatazama karatasi, akatazama ule mviringo wa shingo uliokatwa safi kati ya maneno, akasema, "Na ni nani alikata?"

Nikatazama viatu vyangu. Otieno ni mtu wa kelele, ningetaka anipigie kelele. Aliushusha ule mgongo, akaukunja kama mtu anayekunja shuka ya mgonjwa, akanipa kwa mikono miwili. Mpaka natoka hakukanyaga cherehani.

Nikatembea kutoka Muthurwa mpaka nyumbani kwa miguu, na umbali ule unaujua. Njiani nikaona kwamba siwezi kukupelekea barua niliyokuwa nimeianza. Kwa hiyo sasa soma tena pale juu nilipoandika kwamba karatasi iliniishia.

Haikuniishia. Bunda zima lilikuwa nyuma ya mlango.

Nilifungua sanduku lako siku ya pili baada ya wewe kuondoka. Kina mama walikuwa nje wanangoja, hiyo ni kweli, lakini hawakuwa na habari na karatasi. Nilitafuta karatasi moja. Kusoma kwangu unakujua, lakini kuna neno moja nalisoma hata likiandikwa gizani, kwa maana ndilo lililo kwenye kibao changu: FUNDI. Nikapitisha kidole mstari kwa mstari mpaka nikalipata. Nikalipata tena na tena kwenye karatasi ile ile. Nikaigeuza, nikapiga chaki ya gauni la mtoto, na shingo ya gauni nikaiweka pale pale, katikati ya fundi wako. Nikakata. Nikajisikia vizuri. Baadaye nikajisikia vibaya, na ili nisijisikie vibaya kwa karatasi moja nikazikata zote, zikawa kazi, zikawa si kitu. Hivyo ndivyo mtu mwenye akili zake, mwenye mvi, anavyofanya jambo. Sikutegemea kuliandika.

Kitu kingine. Watu wa mstari huu wa vibanda waliponiuliza habari zako niliwaambia kitabu chako kimeshachapishwa, kiko kwa wakubwa mjini, kinafundishwa. Nilisema kwa sauti. Nilisema na kanisani. Wakati huo maandishi ya mkono wako wa kulia yananing'inia nyuma yangu kwenye msumari kwa jina la mteja wa Donholm.

Ile karatasi ya fundi ndiyo tuliyoifikia mwisho. Mama Wambui alisoma polepole, na mimi safari hii sikusimama. Simeoni anauliza lile swali. Fundi anaacha kuimba. Fundi anaweka sindano mezani, anamtazama Simeoni machoni, anasema, halafu ni tundu. Tundu la shingo ya mtoto, duara zuri, nilikata vizuri. Chini ya tundu imeandikwa: "Simeoni akalia. Akamshukuru fundi, akaiacha nyundo yake kwenye meza ya kukatia, akaenda zake akiwa mwepesi."

Mama Wambui akasoma hapo mara tatu.

Kwa hiyo fundi alimjibu. Kati ya watu wote uliowaandika, mwenye makaa, mchungaji, mwalimu mkuu, yule tajiri wa lori, hakuna aliyemtua Simeoni ile nyundo ila fundi. Ulikuwa umenipa mimi jibu la kitabu chote. Uliniambia ngoja ajibu, nami nikasema sitaki, halafu nikalitoa jibu kwa mkasi, likaenda kuwasha jiko. Nilimuuliza Mama Wambui kama anakumbuka kuona kipande cha duara. Akasema, "Fundi, mimi nawasha moto, sisomi moto."

Kisha akanionea huruma akasema, "Weka tu hapo, 'Mungu ndiye anajua.' Watu wa vitabu wanapenda hiyo." Nikakata duara jipya, likaingia sawasawa kwenye tundu, hata unywele haupiti. Nikakaa nalo na kalamu siku nzima. Niliandika jambo nikalichana. Nikaandika tena. Yote niliyoandika yalikuwa ya kujisifu, nikayachana yote.

Siku hizi kumi na mbili sijashona. Cherehani nimeifunika shuka. Mteja mmoja wa Donholm, anaoa wiki ijayo, amekuja mara tatu kuuliza suruali yake, jana akapiga kelele hapa nje, "Mzee, wewe ni fundi ama si fundi?" Nikamwambia aende kwa Otieno, ni fundi mzuri. Watu walisikia wakashangaa, hata mimi nilishangaa. Kisha nikaingia ndani nikaketi mahali pangu pa siku zote, mbele ya ile cherehani iliyofunikwa. Mguu wangu ulikuwa unakanyaga sakafu wenyewe. Nikajiuliza lile swali la Simeoni, kwa sauti, kama mjinga. Ni nini kimebaki kimeketi? Nimeangalia vizuri, Kageha. Ni mzee mmoja anayeogopa Jumamosi. Zaidi ya hapo sijaona. Labda wewe uliona zaidi ulipokuwa chini ya meza. Kama uliona, na kama siku moja utataka kunieleza, nitashukuru. Usipotaka, ni haki yako, jibu lilikuwa mikononi mwangu na sikulihitaji wakati ule.

Kazi niliyoweza kuifanya ni hii. Nimetandika shuka tatu nyeupe, nikavipanga vipande vyote kwa mfuatano, nikavishikiza kwa kupiga bandi, ule mshono mlegevu unaochomoka kwa kuvuta uzi mmoja bila kuumiza kitu. Sikutumia gundi. Penye tundu nimeacha tundu, uone shuka nyeupe. Matundu ni mengi. Kuna kurasa zina maneno mawili tu yaliyosalia, moja juu na moja chini. Sijaziba hata moja na sijaongeza neno langu popote. Bunda la nyuma ya mlango nalo nimelikata kwa kipimo kile kile cha karatasi zako, likiisha nitakata jingine. Sikuambii uandike upya. Nasema tu karatasi ipo, na sitauliza unaandika nini, wala nani yumo.

Msamaha siuombi humu. Nimeona watu wanaomba msamaha kwa barua ili wapate kulala usingizi, na mimi sitaki kulala kwa gharama yako. Mama yako bado hajui. Nitakwenda Maragoli nimwambie mwenyewe, uso kwa uso, na ninajua atakachookota anipige nacho.

Bahasha sijaifunga. Nimeiacha wazi kwa makusudi, kwa sababu uongo wangu niliusema wazi, na Mama Wambui ameahidi kuisoma barua hii hapa nje kesho mchana, watu wakija kunywa chai, mbele ya wote niliowadanganya. Nitakuwa nimeketi pale pale. Kisha Jumamosi atakuja Mwalimu Mghoi. Nimemtayarishia kiti. Nitamkabidhi barua hii na shuka zile mimi mwenyewe, zimekunjwa vizuri, na akizifungua akaona, akafungua mdomo kuuliza ni nani aliyekata, nitamwambia kabla hajamaliza kuuliza.

Baki salama huko kwenye ukungu, mama.

Ni mimi baba yako, mwenye mkasi,
Luvai.